Matonge Matatu ya Ato Wubishet

Kila asubuhi, kabla ya kumsalimu mtu yeyote, Ato Wubishet alikivika kiti chake koti. Alikuwa na makoti mawili, la kuvaa na la kukaa. La kuvaa lilikuwa la kijivu, limeisha viwiko. La kukaa lilikuwa jeusi, zuri kuliko lile jingine, na halikuwahi kutoka nje ya ofisi tangu siku aliyolinunua. Alilitoa kabatini, akalikung'uta, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, mabega sawasawa. Halafu aliweka mezani miwani iliyokosa kioo kimoja, kalamu iliyofunguliwa, na faili lililofunuliwa katikati, kama vile mtu ameinuka sasa hivi kwenda msalani. Alirudi nyuma hatua mbili, akatazama.

"Kaa hapo ufanye kazi," aliliambia. Kisha akatoka kunywa kahawa.

Watu wote wa Ofisi ya Ramani na Mipaka walilijua lile koti. Wengine walilisalimu kwa mzaha. Lakini siku moja Mkurugenzi, Ato Zerihun, alipita mwenyewe, akalikuta limekaa na faili lake, akasema, "Huyu mzee anajituma," akaenda zake. Wubishet aliposimuliwa alifurahi siku nzima. Jioni furaha ikampungua.

"Koti lina sifa nzuri kuliko mimi," alisema. "Wakitaka kupandisha mtu, watalipandisha lenyewe."

Koti lilikuwa Kanuni ya Kwanza. Zilikuwepo nyingine, kwa sababu Wubishet alikuwa fundi wa mambo ya kupanda cheo, na hapo Addis Ababa huenda hakukuwa na karani aliyeyatazama kwa muda mrefu kama yeye. Alikuwa na miaka kumi na tisa chumba cha chini, katikati ya mafaili, na mtu aliye chini huona nyayo za kila anayepanda. Alijua kwamba ukitembea ofisini lazima ushike karatasi na ukunje uso, hata kama unakwenda kununua karanga. Alijua kwamba kazi uliyopewa usiimalize mapema wala usiicheleweshe; uimalize, uifiche, uilete siku mkubwa anapoanza kuchoka kuisubiri. Alijua pia kwamba ukitaka mtu asitoke alipo, umsifie papo hapo alipo.

Hiyo ya kusifia aliijua kwa sababu alifanyiwa yeye. Mwaka wake wa pili kazini, mwenzake mmoja alisimama mkutanoni akasema, "Hakuna anayeyajua mafaili kama Wubishet." Watu wakapiga makofi. Wubishet naye akapiga makofi. Tangu siku ile, nafasi ikitokea ghorofa za juu, wakubwa wanaulizana: tukimtoa Wubishet, mafaili atayajua nani?

Basi yeye akabaki kufundisha. Vijana watano walipita mikononi mwake, na wote watano sasa wako juu. Akipishana nao kwenye ngazi wanamsalimu kwa kidevu.

"Mimi ni jiwe la kunolea," alikuwa akisema. "Visu vyote vimetoka kwangu vikali. Ulishaona nani anakata nyama kwa jiwe?"

Wa sita alikuwa Meklit. Huyu alikuja mwaka juzi, msichana mwembamba, mpole, mwenye daftari dogo. Alimwita Gashe, kama wadogo wote wanavyomwita mkubwa wao, lakini yeye alilitamka kama analimaanisha. Wubishet akisema neno, anaandika. Akitania, anaandika pia, halafu anauliza, "Hii ni kanuni au ni utani, Gashe?"

"Andika tu. Utaijua siku ikikuuma."

"Niambie tena ile ya shimo."

"Ya tano hiyo. Ukimwona mwenzako anaelekea kwenye shimo, usimwambie. Ukimwambia, atakwepa, na hakuna atakayejua kwamba ulimwokoa. Mwache aingie. Akishaingia, wewe uwe wa kwanza kufika na kamba, na mkubwa awe anatazama."

Meklit aliandika. "Si vibaya, Gashe?"

"Vibaya sana," Wubishet alisema kwa raha. "Ndiyo maana mimi sijaifanya hata mara moja. Na unaona nilipo."

Sasa, mwaka huo mkuu wa kitengo, Ato Lakew, alikuwa anastaafu, na nafasi yake ilitafuta mtu. Wubishet aliitaka kama mtu anavyotaka maji. Haikuwa tamaa tu. Miezi sita kabla, uvumi wa kustaafu ulipoanza, alirudi nyumbani akamkuta mkewe Asnakech anachagua dengu, amekaa peke yake, amechoka. Akamwonea huruma, ulimi ukawahi.

"Nimekuwa mkuu," alisema.

Asnakech alimtazama kidogo. Akaweka ungo chini. Akaoka mkate mkubwa, akachoma buni, akaita majirani. Tangu kesho yake mtaa mzima ukawa unamwita Mkuu: muuza mkaa, mama wa nyumba ya nne, hata mchungaji wa kondoo aliyekuwa akipita na wanyama wake wiki ya sikukuu. Wubishet akaanza kutembea polepole, kama wakuu wanavyotembea, mikono nyuma. Kila siku aliyotembea hivyo, kurudi nyuma kulizidi kuwa kugumu. Nafasi ile akiipata, uongo ungegeuka kuwa habari iliyofika mapema kidogo. Akiikosa, atamwambia nini Asnakech?

Waliobaki kufikiriwa walikuwa wawili: yeye na Meklit. Mkurugenzi alisema jina atalitaja kwenye chakula cha kumuaga Ato Lakew, siku ya Jumatatu. Maandalizi ya chakula alipewa Meklit.

Wubishet alisikia akatabasamu. Alikuwa ameiweka kanuni ya kumi na moja kwa ajili ya siku kama hiyo.

Kanuni ya kumi na moja ilikuwa ya gursha. Kwao, anayekupenda au kukuheshimu huchukua kipande cha injera, mkate wao mwembamba laini, akafungia kitoweo ndani, akakulisha kinywani kwa mkono wake mwenyewe. Kulikataa tonge hilo ni kumkataa mtu. Na wazee husema moja huleta ugomvi, mawili hutenganisha, matatu hupatanisha, kwa hiyo ukianza ufike tatu. "Mkubwa atasahau ripoti yako," Wubishet alifundisha. "Hasahau mkono uliomlisha. Ila tonge liwe la maana. Tonge la majani linamkumbusha mbuzi."

Jumapili ile Asnakech alipika kuku. Alimpika kwa vitunguu vingi na pilipili nyekundu na siagi, na mayai mazima ndani, chakula cha siku kubwa. Wubishet alikula hadi akafungua mkanda. Alidhani amepikiwa kwa sababu anapendwa. Kilichobaki mkewe alikifunika vizuri, akakiweka pembeni. "Hiki kisiguswe hadi Alhamisi," alisema. Wubishet hakuuliza kwa nini Alhamisi. Alikuwa tayari amelipigia hesabu lile paja.

Jumatatu alfajiri alimwona mkewe anatoka na shuka lake jeupe, anakwenda kanisani. Hakuona ajabu. Kila siku ya mwezi ina mtakatifu wake. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa la harusi na mazishi, watakatifu hakuwahi kuwashika kwa zamu. Hakukuta chai wala mkate. Alisema moyoni, leo nimeachwa kama paka. Akachota kuku kwenye kopo lenye mfuniko, akatia mayai matatu, yai moja kwa kila tonge, akatoka.

Ofisini alikivika kiti koti, akaficha kopo chini ya meza. Meklit akaingia na karatasi za mahudhurio. Alisimama. Pua yake ndogo ikacheza.

"Gashe, nini kinanukia?"

Mtu mwenye akili angesema sijui. Lakini Wubishet alikuwa na ugonjwa wa walimu wote, hawezi kufanya jambo zuri bila mwanafunzi kuona. Akafungua mfuniko kidogo. "Ya kumi na moja," alinong'ona, akakonyeza.

Meklit alimtazama kuku. Akamtazama Wubishet. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema neno, akaufunga.

"Anaonekana mtamu," alisema mwisho. Akaweka karatasi, akaondoka taratibu. Mlangoni aligeuka, akamtazama tena. Wubishet alidhani ni wivu.

Chakula hakikuandaliwa saa sita kama ilivyo kawaida. Kiliandaliwa saa tisa. Wubishet, tumbo linanguruma, alizidi kufurahi. Msichana hata saa ya kula haijui! Watu walipoingia ukumbini na sinia zikafunuliwa, kidogo acheke kwa sauti: dengu, mbaazi, sukuma, viazi, uji mzito wa kunde. Hakuna hata mfupa. Amemuaga mkuu wa kitengo kwa majani, alisema moyoni. Leo namzika mtoto wa watu, na mimi ndiye niliyemlea.

Aliinua macho, akamwona Mkurugenzi ameketi kiti cha katikati. Ato Zerihun alikuwa mtu wa dini kwelikweli, mwenye uzi mweusi wa ubatizo shingoni na sauti iliyozoea kwaya. Watu walianza kumlisha. Ato Lakew alimlisha tonge, mhasibu akamlisha, dereva akamlisha. Mkurugenzi alikuwa anafunga macho, anafungua kinywa, anatafuna, anashukuru. Wubishet alinawa. Akageuka ukutani, akafungua kopo lake, akafunga tonge la injera lenye nyama laini na yai zima ndani yake, kubwa kama ngumi ya mtoto. Injera ilifunika vyote. Kwa nje lilikuwa tonge kama matonge mengine.

"Bwana Mkurugenzi," alisema kwa unyenyekevu, "kwa mkono wangu."

"Ah, Ato Wubishet! Basi, basi, nimeshiba."

"Nakuapia uhai wangu!"

Ukishaapiwa huna njia. Mkurugenzi alifunga macho, akafungua kinywa. Tonge likaingia lote.

Alitafuna mara moja. Akatafuna mara ya pili. Halafu taya zikasimama.

Ndipo Meklit akainuka kutoka upande wa pili wa ukumbi, na kwa sauti ya huzuni, sauti iliyofika kila kona, akasema:

"Jamani, Gashe! Si leo tumeanza Ninawi?"

Mfungo wa Ninawi ni siku tatu tu, na kila mwaka huja tarehe tofauti, huanza Jumatatu bila kubisha hodi. Watu hufunga kama mji wa Ninawi ulivyofunga Yona alipoupigia kelele. Hawali kitu hadi saa tisa, na wakila hawagusi nyama, siagi wala yai. Kila mtu mle ndani alikuwa anajua. Asnakech alikuwa anajua. Hata yule kuku wa Jumapili, ukifikiri vizuri, alikuwa anajua.

Wubishet alibaki amesimama, na mkononi tayari alikuwa na tonge la pili. Mdomo wake, ambao haukuwa umepata habari, uliendelea peke yake:

"Moja huleta ugomvi, Bwana Mkurugenzi. Bado mawili."

Mtu mmoja nyuma alitoa sauti kama ya puto linalotoboka. Ato Zerihun alikuwa katika hali ngumu. Kulitema tonge la mtu ni tusi, na kulimeza ni dhambi, na yai zima halikai kinywani likisubiri uamuzi. Mashavu yalimvimba. Machozi yakamtoka, ya pilipili au ya toba, haikujulikana. Meklit alifika wa kwanza, maji mkono mmoja na kitambaa mkono wa pili, akamshika Mkurugenzi mgongoni kwa adabu kama mtoto wake. Wubishet alitazama yale maji. Yalikuwa tayari kwenye glasi. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri. Kamba, alisema moyoni. Amefika na kamba.

Na Mungu amsamehe, akajisikia fahari kidogo. Katika wote sita, hakuna aliyewahi kuifanya safi hivyo.

Mkurugenzi alimaliza shida yake ndani ya kitambaa, akafanya ishara ya msalaba, akanywa maji.

"Ato Wubishet," alisema, "una miaka mingapi hapa?"

"Kumi na tisa, bwana."

"Yona alikaa tumboni mwa samaki siku tatu tu, akaelewa."

Hapo walicheka wote, hata Ato Lakew aliyekuwa anaagwa. Jina lilipotajwa mwishoni, hakuna aliyeshangaa. Meklit aliinama, akashukuru, akasema wote waliomtangulia wamemfundisha mengi. Alipofika hapo hakumtazama Wubishet. Hiyo nayo alifundishwa.

Jioni Wubishet alitembea hadi nyumbani, na siku hiyo hakuweka mikono nyuma. Njiani alitunga maneno manne tofauti ya kumwambia mkewe. Moja lilikuwa kwamba ameukataa ukuu kwa sababu za kiafya. Lingine lilikuwa kwamba cheo chenyewe kimefutwa nchi nzima.

Asnakech alikuwa amesimama mlangoni, chungu mkononi.

"Kuku wangu yuko wapi?"

Maneno yote manne yakakimbia. Akamwambia yote kama yalivyotokea, kopo, tonge, yai, kitambaa. Asnakech alianza kwa kushika kinywa. Wubishet alipofika kwenye "bado mawili" mkewe aliketi chini, akacheka hadi shuka likamwanguka.

"Wube! Ukamlisha mwanakwaya yai siku ya Ninawi! Na shibe yote ile ya jana ulidhani ni ya nini?"

"Nilidhani unanipenda."

"Nakupenda, ndiyo. Lakini kuku ni wa kukaribisha mfungo."

Wubishet alikaa karibu naye. "Kuna jambo lingine," alisema. "Lile la ukuu. Miezi sita hii..."

"Hukuwa mkuu," Asnakech alisema, anajifuta macho.

"Ulijua?"

"Mkuu gani anarudi kwake na vumbi la mafaili puani?"

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Hata buni ilikuwa haijaiva."

"Na majirani je? Uliwaokea mkate!"

"Nilikuona umenyooka mgongo, Wube. Miaka mingi hukuwa umenyooka hivyo. Nikasema, mkate mmoja si ghali." Akainuka, akakung'uta nguo. "Haya. Kuna dengu. Na kesho unafunga na mimi, mpaka saa tisa, umenisikia? Una deni la yai la watu."

Usiku ule Wubishet alilala vizuri, jambo lililomshangaza. Miezi sita alikuwa akiogopa mlango mmoja, na kumbe ulikuwa wazi siku zote.

Jumanne asubuhi alifika ofisini na njaa yake. Akakivika kiti koti, akaweka miwani, akafunua faili. Kabla hajatoka, Meklit akaingia. Alikuwa amevaa viatu vipya vinavyolia. Kwapani alishika bahasha.

"Gashe."

"Mkuu."

"Usiniite hivyo." Alitazama sakafu. "Jana... nilitaka kukuambia asubuhi. Nilipoona lile kopo. Nilifungua mdomo."

"Niliona. Ulifunga vizuri pia."

"Umenikasirikia?"

"Nimejikasirikia. Kinyozi nimenyoa watu sita, mwisho nikanyolewa mimi." Alijipapasa upara, na upara ulikuwepo kweli. "Kaa."

Hakukaa. Alifungua daftari lake dogo, ukurasa wa mwisho. "Ulisema ni kanuni kumi na mbili. Hapa ninazo kumi na moja. Kila nikikuuliza ulikuwa unasema bado."

Wubishet aliitazama ile bahasha kwapani mwake. Ilikuwa ya rangi ya kahawia, ya barua za uhamisho. Yeye ndiye aliyekuwa akizitunza kabatini miaka kumi na tisa, alizijua hata gizani.

"Ya kumi na mbili ni fupi," alisema. "Ukishapanda, mwondoe kwanza aliyekufundisha. Anajua ulikojifunzia."

Meklit hakuandika. Masikio yake yalibadilika rangi. Bahasha aliisogeza nyuma ya daftari, na kwa kuisogeza akaionyesha zaidi.

"Ni ghala la nje ya mji," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna hewa nzuri, Gashe. Na mafaili... hakuna anayeyajua kama wewe."

Wubishet alicheka hadi akashika meza. "Umeifikia mwenyewe! Hao watano wengine hata hawakuifikia!" Akampokea bahasha, akaipapasa, hakuifungua. Akaiweka juu ya faili lililofunuliwa, karibu na miwani, mahali ambapo koti lingeweza kuisoma. "Hongera, mwanangu. Sina kilichobaki cha kukufundisha."

"Unakwenda wapi?"

"Kunywa kahawa."

"Leo kuna mfungo, Gashe. Saa tatu hii."

"Ona," Wubishet alisema. "Safari hii umeniambia kabla."

Alivaa koti la kijivu, lile lililoisha viwiko, akapanda ngazi kutoka chumba cha chini. Hakukunja uso, na mkononi hakushika karatasi yoyote. Watano wa zamani walikuwa wamesimama penye ngazi wanaongea, na kidogo wasimtambue. Getini mlinzi alimwangalia, akaangalia juu ya bega lake.

"Gashe, umesahau lile koti zuri."

"Sijalisahau," alisema. "Liko kazini."

Akavuka barabara, akashika njia ya nyumbani, ambako dengu zingeiva saa tisa. Hakurudi tena.